Kurekodi Wimbo Wako Nyumbani kwa Vyombo vya Mtumba

Katika barua ninazoletewa na watunzi wa nyimbo, wa taarabu na wa kaswida, wa kwaya na wa muziki wa kizazi kipya, liko swali moja lisilokoma kurudi, nalo ni hili: je, mtu asiye na fedha za kukodi studio, lakini mwenye wimbo alioutunga na kuutia sauti mwenyewe, aweza kuurekodi chumbani kwake kwa vyombo vilivyokwisha kutumiwa na wengine, ukatoka wimbo wa kusikilizika mbele za watu? Jawabu langu ni kwamba aweza, tena vizuri, kwa sharti la kukubali tangu mwanzo kwamba fedha chache alizo nazo zigawiwe kinyume na vile tamaa inavyomshawishi: kidogo kwenye mashine, zaidi kwenye chumba, na muda mwingi kwenye majaribio.

Wako watakaosema kwamba vyombo vya mtumba ni vya kujifunzia tu, na kwamba kazi ya haki hutaka vyombo vipya. Lakini mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri, mitambo aliyowekewa mbele yake ilikuwa haina njia ya kusahihisha neno lililokwisha kutamkwa, na upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu tu. Ilhali saundi kadi iliyochakaa inayouzwa leo Kariakoo au Luthuli kwa bei ya kutupa hunasa sauti kwa usafi ambao mafundi wa Bombay hawakuuota. Basi neno hilo na tuliweke kando.

Vya kununua, na kwa utaratibu gani

Fuata utaratibu huu, na mfuko wako ukikomea njiani, simama hapo ufanye kazi kwa ulivyo navyo mpaka upate vingine.

- Kompyuta uliyo nayo, hata ikiwa ya zamani, maadamu ina kumbukumbu ya GB 8. Dakika moja ya sauti moja, kwa biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua takriban MB 8. Kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye sauti kumi huchukua kama MB 320, ghairi ya majaribio utakayoyakataa.
- Saundi kadi ya nje yenye matundu mawili ya maikrofoni na swichi ya volti 48, ambazo maikrofoni za kondensa huzihitaji.
- Maikrofoni moja nzuri, wala si mbili mbaya.
- Hedifoni zenye kufunika sikio lote, ili sauti ya ala unayoisikiliza isivuje ikaingia katika maikrofoni.
- Stendi nzito na kebo mbili. Kebo zinunue mpya, kwani hicho ndicho kitu nisichokubali cha mtumba: hewa ya chumvi ya pwani hula shaba ndani ya mpira, na kebo iliyooza hukuharibia kazi ya usiku mzima kabla hujajua kuwa yeye ndiye mkosaji.

Spika nimeziacha nje ya orodha kwa makusudi. Spika za mtumba aghalabu huwa na sponji lililozunguka koni, na sponji hilo kwa joto na unyevu wetu huoza likamong'onyoka kwa kidole. Na hata zikiwa nzima, katika chumba kidogo husema uongo juu ya besi. Subiri.

Kuhusu programu usihangaike, wala usipokee programu iliyovunjwa kufuli kwa rafiki, kwa sababu nyingi hubeba virusi. Audacity hutolewa bure. Reaper hukuruhusu kuijaribu siku 60 kabla ya kudai malipo, na leseni yake kwa mtu binafsi ni nafuu.

"Lakini kondensa si bora kuliko dainamiki?"

Swali hili hufuata lile la kwanza kama kivuli. Maikrofoni ya kondensa husikia mengi zaidi, nami sikatai. Lakini mengi hayo ni pamoja na kunguru wa juu ya bati, jenereta ya jirani, televisheni ya ukumbini na mwangwi wa kuta zako. Maikrofoni ya dainamiki ni nzito ya masikio, na uzito huo katika chumba kisichotayarishwa ni neema. Shure SM58, ambayo imetengenezwa tangu 1966, na nduguye SM57, hupatikana kila soko la vyombo vya muziki, huvumilia kuanguka, na hazitaki volti 48.

Hadhari moja: kwa kuwa zapendwa, zinaghushiwa kuliko maikrofoni nyingine zote. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 300. Ukiipima mkononi ukaiona nyepesi kama kopo tupu, irudishe. Ikiwa ni SM58, fungua kichwa chake cha waya kwa kukizungusha, utazame kazi ya ndani kama ni safi. Tazama pini tatu za nyuma kama zimetiwa namba. Kisha semea ndani yake mbele ya muuzaji. Ya kughushi aghalabu ina sauti nyembamba yenye kuchoma sikio.

Volti kabla ya yote

Bidhaa nyingi za mtumba zifikazo Unguja, Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100, na nyingine hutoka Marekani, ambako ni volti 120. Nasi tunatumia volti 230 au 240. Mwenye kuchomeka miksa ya Kijapani ukutani moja kwa moja hupata moshi mara moja, na fundi hana la kumfaa isipokuwa pole. Kabla hujauliza bei, geuza chombo usome kibandiko cha nyuma:

- kikisema 100–240V, kichomeke bila ya wasiwasi;
- kikisema 100V au 120V peke yake, ongeza bei ya transfoma katika hesabu yako, na transfoma hiyo iwe na nguvu zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye chombo;
- kikiwa na adapta ya nje, hakikisha kuwa adapta ni yake. Adapta ya 9V AC si sawa na ya 9V DC, hata ikiwa kichwa chake chaingia tunduni barabara, na katika DC zenyewe ziko za chanya katikati na za hasi katikati. Mchoro mdogo wa duara kwenye kibandiko ndio uonyeshao.

Mbele ya muuzaji

Nenda mchana, na uchukue kompyuta yako, hedifoni zako na kebo yako. Muuzaji asiyekubali chombo kijaribiwe amekwisha kukujibu.

- Unganisha saundi kadi na kompyuta yako, si yake. Saundi kadi nyingi za miaka ya 2000 hutumia tundu la FireWire, ambalo kompyuta za sasa hazina. Na nyingine zinatumia USB lakini zimeachwa na mtengenezaji, hazina tena draiva ya mfumo mpya. Zilizo bora kwa mtumba ni zile zitambulikanazo na kompyuta bila ya draiva yoyote.
- Jaribu kila tundu. Usiridhike na la kwanza.
- Zungusha kila kitufe polepole huku ukisikiliza. Mkwaruzo mdogo huondoka kwa dawa ya kusafishia swichi. Sauti inayokatika kabisa haiondoki kirahisi.
- Washa volti 48 na maikrofoni ya kondensa, hata kama huna nia ya kuitumia leo, kwa kuwa siku utakayoihitaji hutampata tena muuzaji.
- Kinuse chombo. Harufu ya kuungua haisingiziwi.
- Tazama namba ya chombo. Ikiwa imekwaruzwa ikafutwa, kiache palepale, hata bei ikiwa ya bure, kwa sababu kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai na kutojua si udhuru unaokubaliwa kwa urahisi. Kwa kila ununuacho, taka stakabadhi yenye jina na simu ya muuzaji.

Baadhi ya wasomaji wameniuliza juu ya mashine za kaseti za njia nne, zile za jamii ya Portastudio ambayo Tascam waliitoa kwanza mwaka 1979. Ni vyombo vya kupendeza, lakini mikanda yake ya mpira hulainika, vichwa vyake huliwa, na kaseti nzuri ni adimu. Mpenzi wa mambo ya kale na ainunue. Mwenye wimbo wa kutoa mwezi ujao na aiache.

Chumba

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kuliko mahali pengine pote, kwa maana nyimbo nyingi niletewazo na walalamikao juu ya maikrofoni zao hazina ila yoyote ya maikrofoni. Ila yake ni chumba.

Yapo mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuzuia kelele za nje zisiingie, na hilo halifanywi ila kwa uzito na kuziba: ukuta mnene, mlango mzito, nyufa zilizozibwa kwa nguo. La pili ni kutuliza mwangwi wa ndani, nalo hufanywa kwa vitu laini na vinene. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, yenye kuta nene na dari refu, hukukinga vizuri na kelele za mtaa lakini hulia ndani kwa ajili ya chokaa yake ngumu. Nyumba ya matofali na bati haina mwangwi mkubwa ikijaa vyombo, lakini huingiza kila pikipiki ipitayo, na mvua ya masika ikinyesha juu yake hakuna kazi tena siku hiyo. Jua yako ni ipi, ndipo ujue taabu yako ni ipi.

Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio kama wa waya unaotetema baada ya kofi, chumba chataka kuvikwa. Chumba cha kulala ndicho kifaacho aghalabu, kwani kitanda, zulia na kabati la nguo lililoachwa wazi vimekwisha kufanya nusu ya kazi. Choo na bafu, ambavyo wengi huvipenda kwa sababu sauti hupendeza humo, viepuke: mwangwi ukishanaswa hautoki, ilhali wimbo mkavu waweza kutiwa mwangwi wakati wowote baadaye.

Sasa jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya kinyume. Watu hutundika blanketi nyuma ya maikrofoni, mbele ya uso wa mwimbaji, wakaacha ukuta ulio nyuma ya mgongo wake mtupu. Maikrofoni nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele na kidogo upande wa nyuma. Basi kinachoingia ndani yake ni sauti yako pamoja na ile iliyogonga ukuta ulio nyuma yako ikarejea. Ukuta huo ndio wa kuvikwa kwanza. Simamisha magodoro mawili kwa pembe, mfano wa kitabu kilichofunguliwa, uingie katikati ukiyapa mgongo. Au tundika mablanketi mazito, mbali na ukuta kwa kadiri ya shubiri moja, kwa kuwa nafasi hiyo ya hewa huyasaidia kumeza hata sauti nzito kidogo.

Na trei za mayai? Naulizwa daima, na jawabu ni hapana. Karatasi yake nyepesi hupunguza kidogo sauti nyembamba za juu, haizuii kelele ya nje hata chembe, na hushika moto upesi.

Saa ya kazi, na umeme

Saa njema ni baina ya saa nne ya usiku na saa tisa, baada ya mtaa kulala na kabla ya adhana ya alfajiri na majogoo. Zima feni na kiyoyozi. Imba, pumzika, washa upate ubaridi, zima tena. Jokofu la chumba cha pili nalo huunguruma, lizimwe kwa saa moja, na ufunguo wa gari au kitu usichoweza kukisahau ukiweke ndani yake ili ukumbuke kuliwasha.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, huo ni umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde ukipenya. Ondoa chaja ya kompyuta ufanye kazi kwa betri, na mara nyingi mvumo hutoweka hapo hapo. Usipotoweka, chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja na uitenge kebo ya maikrofoni na nyaya za umeme. Kamwe usiikate pini ya ardhi ya plagi ili kuondoa mvumo, kama wanavyofundishana vijana. Pini hiyo ndiyo ikulindayo na mauti.

Kiwango cha sauti

Imba ubeti ulio mkali kuliko zote, si ule wa mwanzo ulio mpole, huku ukitazama mshale wa programu. Vilele vya sauti viwe karibu na -12, visipite -6, na visiguse sifuri abadani. Usiogope kwamba sauti ni ndogo. Katika biti 24 sauti ndogo hukuzwa bila ya hasara, lakini iliyopasuka haina dawa.

Ikiwa unajisikia katika hedifoni kwa kuchelewa, tafuta katika saundi kadi kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja; kisipokuwepo, punguza bafa ya programu hadi 128 wakati wa kurekodi, kisha uipandishe hadi 1024 wakati wa kuchanganya.

Utaratibu wa kurekodi

1. Amua mwendo wa wimbo kwa metronomu. Uimbe wote ukitembea chumbani kabla ya kuuamua, kwani kila mtu akiketi huchagua mwendo wa pole kupita kiasi.
2. Rekodi kielelezo: sauti na ala moja, bila ya kujali makosa. Hiki kitafutwa mwishoni.
3. Rekodi ngoma na midundo juu ya kielelezo, kisha ala, kisha sauti ya mwisho, na waitikiaji baadaye.
4. Imba wimbo mzima mara tatu kabla ya kuanza kusahihisha kipande kimoja kimoja. Atakaye kurudia mstari wa kwanza mpaka ukamilike hufika ubeti wa tatu koo limekwisha.
5. Kila unapomaliza, nakili kazi yote katika diski ya pili. Mafaili yape majina yenye tarehe. "Wimbo mpya kabisa wa mwisho 2" si jina.

Kwa mwimbaji, umbali wa shubiri moja kutoka maikrofoni watosha, na uso uelekee kando kidogo ili pumzi za herufi p na b zisiigonge. Soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya, ikawekwa vidole vinne mbele ya maikrofoni, hufanya kazi ile ile ya chujio linalouzwa kwa fedha nyingi.

Kwa udi, weka maikrofoni kiasi cha sentimita 30, ikielekea pale shingo ikutanapo na tumbo. Ukiielekeza katika tundu, besi itavuma ikafunika ufundi wa mkono. Dumbak na ngoma nyingine zisogeze mbali, nusu mita au zaidi. Fidla iwekewe maikrofoni kwa juu, si mbele.

Kuchanganya

Lala kwanza. Masikio yaliyosikiliza usiku kucha hayana hukumu ya haki, na kila kitu hudai kuongezwa.

Asubuhi, sikiliza kwa sauti ndogo. Kata sauti za chini ya mizunguko 80 katika kila kitu kisichokuwa besi wala ngoma nzito, na utashangaa jinsi wimbo unavyofunguka. Weka pembeni wimbo mmoja uujuao vyema, wa aina ile ile, uwe unaurudia kwa kulinganisha. Mwangwi utie, kisha upunguze nusu ya ulioutia. Ukishakuridhisha katika hedifoni, usikilize katika simu, katika gari la rafiki, na katika redio ndogo ya jikoni, kwa kuwa huko ndiko wasikilizaji wako walipo. Maneno yasiposikika katika redio ya jikoni, wimbo wa Kiswahili haujamalizika, hata ala zikilia vipi.

Ukimtumia mtu mwingine akuchanganyie, mpelekee mafaili ya WAV, kila sauti mbalimbali, zote zikianzia sekunde ya sifuri. Kwa WhatsApp yapeleke kama hati, wala si kama ujumbe wa sauti, ambao hukamuliwa ukapoteza ubora.

Hati kabla ya kuutoa

Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, haki ya mtunzi huanza kazi inapotungwa, na hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa; lakini ukigombana na mtu utatakiwa ithibati, na usajili ndio ithibati. Bara nenda COSOTA, Zanzibar COSOZA, na Kenya KECOBO. Fauka ya hayo, mwandikie kila mpiga ala karatasi moja yenye saini zenu wote, inayosema amelipwa kiasi gani, au ana fungu gani katika wimbo. Udugu hauzuii jambo hili. Ugomvi wa nyimbo mara nyingi huwa baina ya ndugu.

Studio ni ya nani, basi?

Ikiwa wimbo wako wataka fidla nane, kanuni na waitikiaji kumi na wawili wakiimba pamoja, usijitese chumbani: kodi ukumbi na fundi kwa siku moja, uende ukiwa umekwisha kufanya mazoezi, na kielelezo chako cha nyumbani mkononi. Lakini kwa mtunzi mwenye udi au gitaa, sauti yake na ngoma mbili, chumba cha kulala, magodoro mawili na maikrofoni moja ya mtumba vyatosha, nami sioni sababu ya kumshauri angoje.